Kila Kasoro na Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

"Msimbo hauna siri. Siri ziko kwenye hifadhidata."

Maneno hayo ameyasema Mkurugenzi leo asubuhi, kalamu ya ubao mkononi, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. Nimeyaandika hapa ili niyapinge.

Si kweli. Msimbo, yale maagizo yanayoiendesha programu, umeandikwa na watu, na watu huacha vitu. Huacha nenosiri la seva katikati ya faili kwa sababu siku ile walikuwa na haraka. Huacha namba ya simu ya muuguzi aliyelalamika. Huacha hata matusi kwa bosi. Hifadhidata, ghala la kumbukumbu za wagonjwa, tuliijengea ukuta kwa sababu tulijua ina watu ndani. Msimbo hatukuujengea chochote, kwa sababu tulijiambia hauna mtu, na kwa miaka kumi na miwili tukatupia humo kila kilichotuponyoka.

Programu yetu inaandikisha wagonjwa kwenye kliniki, inawapangia siku za kurudi na kuwakumbusha dawa. Kliniki kumi na nne zinaitumia. Nyingine nyingi, mbali na hapa, zimeiomba. Tarehe 31 Mei itafunguliwa: mtu yeyote duniani ataweza kuusoma msimbo wake, kuunakili, kuutumia bure na kuurekebisha. Jambo hili nimelipigania miaka minane kwa makala na kwa makelele, hadi ofisini wananiita Mama Makala. Leo nimekabidhiwa kazi ya kuusafisha msimbo kabla ya siku hiyo. Nilipaswa kufurahi.

"Ni kubofya kitufe tu, Mama Makala," Mkurugenzi akasema. "Dakika moja."

"Na kufua?"

"Kufua nini?"

"Unaalika dunia nzima ije itazame nguo zetu za ndani. Hutaki hata zifuliwe?"

Walicheka wote isipokuwa Kimya. Kimya ni fundi wetu wa seva, mwanamke wa makamo kama mimi, na jina hilo hakupewa kwa utani. Alisema sentensi mbili tu, akiwa tayari mlangoni na mwavuli wake: "Tutoe msimbo wa leo peke yake. Historia tuiache ndani."

Nilimkatalia palepale. Kila tunapobadilisha msimbo, tunaandika mstari mmoja au miwili: tumebadilisha nini, na kwa nini. Mashine huyahifadhi maelezo hayo pamoja na faili lilivyokuwa kabla. Ukifuta kitu leo, kimefutika leo tu. Ukirudi nyuma kwenye jana, kipo. Hiyo ndiyo historia, na yetu ina maelezo 9,412. Kuficha hayo ni kumwonyesha mgeni nyumba iliyopakwa rangi usiku wa kuamkia ugeni. Nimewatukana wengi kwa kosa hilo. Siwezi kulifanya mimi.

Mvua imeanza saa nane mchana.

Jumatano, 6 Machi

Manenosiri thelathini na moja ndani ya msimbo. Thelathini na moja! Moja ni la seva ya dawa, na ni jina la timu ya mpira na mwaka iliposhinda.

"Yafutwe," alisema Mkurugenzi.

"Kufuta hakutoshi," alisema Kimya. "Yamo kwenye historia. Inabidi kubadilisha kufuli zenyewe, kila seva ipewe nenosiri jipya."

Mara ya kwanza kwa miaka mingi nimekubaliana naye bila kuongeza neno.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Kufuli tatu zimebadilishwa. Zimebaki ishirini na nane.

Jumatatu, 11 Machi

Mwanasheria amekuja na faili lake la plastiki na kugundua kwamba kalenda nzuri tunayojivunia, ile yenye rangi, iliandikwa na kampuni nyingine, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kuitumia.

"Nani aliichukua?" akauliza.

"Aliyeacha kazi," tukajibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza.

Ajabu ya huyu aliyeacha kazi! Ndiye aliyeacha manenosiri, ndiye aliyeiba kalenda, ndiye aliyeandika faili lenye jina "usiguse_hii". Mtu mmoja, na kila siku ana dhambi mpya. Tungemrudisha kazini angalau tumshukuru.

Kalenda inatolewa. Tutaandika ya kwetu, mbaya, halali.

Ijumaa, 15 Machi

Dari la chumba chetu linavuja juu ya mashine ya kuchapia. Ndoo. Kufuli ishirini zimebaki.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimeanza kuisoma historia yenyewe, kuanzia maelezo ya kwanza, na nimeona aibu kabla ya saa tano asubuhi.

Ukutani, juu ya meza ya Kimya, kuna karatasi iliyogeuka manjano: KASORO ISIYO NA MWENYEWE HAIREKEBISHWI. Mwandiko ni wangu. Niliibandika mwaka wa kwanza, nilipochoka kuona mafundi wakirekebisha "kosa la tarehe" kana kwamba tarehe ndiyo iliyoumia. Nilitaka kila anayegusa msimbo aseme nani ameumia: nani alikosa dawa, nani alisafiri kutwa nzima akafika kliniki na kuambiwa siku yake ilikuwa jana. Niliandika makala mbili kuisifu kanuni hiyo. Wenzangu waliipenda na ikawa mila ya ofisi. Wapya walifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Na sasa nasoma matunda yake. Kwa ajili ya mzee fundi cherehani, kliniki ya pili, kifua kikuu, anakumbushwa vidonge mara mbili. Kwa ajili ya binti wa miaka kumi na saba, kliniki ya wajawazito, ujumbe umekwenda kwenye simu ya baba yake. Kwa ajili ya dereva, kipimo cha pili, mkewe asipigiwe. Hapa nimeyaacha majina. Kule yapo, kamili, jina na la baba.

Nimehesabu: maelezo 1,638 yana mtu ndani yake.

Hatukufanya uzembe. Uzembe ningeuelewa, ningeupigia kelele nikalala. Tulifanya kwa huruma, kwa utaratibu, kwa kujivunia. Tulijenga orodha ya wagonjwa wa mji mzima pamoja na magonjwa yao, tukaiweka mahali pekee ambapo hatukuwahi kupafunga.

Kimya aliniona nikitazama ile karatasi. "Tutoe msimbo wa leo peke yake," akasema tena.

"Nitasafisha maelezo moja moja kwa mkono. Kasoro itabaki, mtu ataondoka."

"Elfu moja mia sita?"

"Na thelathini na nane. Nina hadi Mei."

Aliinua mabega. Yule mama hupenda njia fupi. Nilimfikiria hivyo leo, na naandika nilivyofikiri.

Jumatano, 27 Machi

Nimemfuata Mkurugenzi ofisini kwake nimweleze kwamba ile sentensi yake ni ya hatari, kwamba anairudia kwa wageni, kwamba asiporekebisha kauli nitamjibu hadharani.

Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akafungua droo na kutoa jarida la zamani, lenye duara la kikombe kwenye jalada.

"Soma hapo, Mama Makala. Nilipopiga mstari."

Nikasoma. Msimbo hauna siri. Siri ziko kwenye hifadhidata. Juu yake, kwa herufi nene, jina langu.

"Miaka minane iliyopita," akasema. "Nilikuwa mwoga wa kufungua chochote. Wewe ndiye uliyenitoa woga."

"Nilikuwa nabishana."

"Na ulishinda! Sasa unanigombeza kwa sababu nilikusikia?"

Nilikuwa nikibishana na waoga, nikahitaji sentensi fupi, nikaitengeneza. Waoga wamekwisha kustaafu. Sentensi bado iko kazini.

Nimelowa nikirudi nyumbani. Mwavuli nilikuwa nao mkononi.

Jumanne, 2 Aprili

Maelezo namba 3,077.

Ni yangu. Tarehe ni ya miaka kumi na moja iliyopita. Yanasema: kwa ajili ya mdogo wangu, kisha jina lake lote, mwalimu, kitengo cha afya ya akili, amelazwa wiki tatu, mfumo umempangia dozi mbili kwa siku moja, angekufa.

Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika. Sijasahau kilichotokea. Nakumbuka muuguzi akishika vikombe viwili vya vidonge na kusita, na kusita kwake ndiko kulikomwokoa. Nilikuja ofisini siku hiyohiyo na hasira inayochemka, nikatafuta kasoro, nikairekebisha kwa saa moja, nikaandika maelezo yale ili mafundi wote wasome na waone kwamba hapa hatuchezi. Kila neno niliandika kwa kumpenda.

Ugonjwa ule ulipita na haukurudi. Alikuwa hajaolewa. Wanaojua tulikuwa watatu: yeye, mimi na marehemu mama. Mumewe hajui, wakwe hawajui. Na sasa jina lake liko mbele ya kamati ya wazazi ya shule. Wanatafuta mwalimu mkuu mpya na waombaji wamebaki wawili. Nimewahi kuisikia kamati ile ikizungumza juu ya mwalimu aliyepata msongo wa mawazo. Walimwita "yule wa kuchanganyikiwa" hadi akahama.

Nimeyasafisha 3,077. Katika nakala mpya yanasema: dozi mbili kwa siku moja, imerekebishwa. Basi. Halafu nikafungua yanayofuata.

Jumapili, 7 Aprili

Chakula cha mchana kwa mdogo wangu. Shemeji alitoa hadithi zake, watoto walipigania kiti cha dirishani. Mdogo wangu aliniuliza, "Dada, vipi ile programu yako? Bado mnaiogesha?"

"Tunaiogesha."

"Mchafu gani huyo asiyetakata? Mngemtia tu kwenye pipa."

Tulicheka. Sikumwambia. Nilijiambia hakuna haja, kwa kuwa jina limeshaondoka. Nilikula zaidi ya kawaida yangu.

Alhamisi, 18 Aprili

Maelezo 902 yamesafishwa. Mvua ya siku ya tisa mfululizo. Mbele ya lango letu barabara imekuwa mfereji, na tunaingia kwa ubao uliowekwa juu ya matofali, mmoja mmoja, mikono imenyooshwa pembeni.

Jumanne, 30 Aprili

1,311. Macho yananiuma. Nimegundua kwamba jina linaweza kuondoka na mtu akabaki. Kuna mwalimu mmoja tu wa kike wa hesabu katika shule ile, kuna kinyozi mmoja tu mwenye mguu wa bandia katika mtaa ule. Nikiondoa jina, inabidi niondoe kazi. Nikiondoa kazi, inabidi niondoe mtaa, kisha umri. Mwishowe kinabaki "kosa la tarehe", yaleyale maneno niliyobandika karatasi ukutani ili nisiyaone tena.

Kwa hiyo nimekesha miezi miwili kuipigania historia ambayo, nikiisafisha sawasawa, haisemi lolote. Na nikiiacha iseme, inawasema watu.

Naandika hili kwa shida: Kimya alijua tangu siku ya kwanza.

Jumatano, 8 Mei

1,638. Nimemaliza.

Kwenye tovuti tunakohifadhi msimbo sasa kuna vyumba viwili. Kimoja kinaitwa "kliniki", ndicho cha zamani chenye kila kitu. Kingine ni "kliniki-safi". Vyote vimefungwa, na anayeweza kuvifungua ni mimi, Kimya na Mkurugenzi.

"Mama," Kimya akaniita leo. "Kile cha zamani tukiondoe kabisa mtandaoni. Nakiweka kwenye diski, diski naifungia kabatini."

"Bado nalinganisha."

"Basi tumwondolee Mkurugenzi ruhusa."

"Atanuna. Subiri wiki moja."

Alirudi mezani kwake na diski tupu mkononi.

Jumanne, 14 Mei

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha kipande kimoja nitaanza kujitetea.

Saa nne asubuhi nilikuwa kwa mwanasheria, mtaa wa pili, tukimalizia leseni ya programu. Mvua ilikuwa ya upepo, ile inayopiga ukuta kwa ubavu. Ofisini, Mkurugenzi aliamua kufanya mazoezi ya sherehe. Aliwaita watu wa picha, akaketi mbele ya kompyuta, akatabasamu, akabofya kitufe cha kufungua. Alikusudia kukifunga tena papo hapo. Kabla hajabofya mara ya pili, umeme ukapepesa, na nguzo ya mtandao iliyo kona ikaanguka juu ya paa la duka la viatu. Mtaa mzima ukakatika. Simu nazo zikabaki na mstari mmoja, kisha hata huo ukapotea.

Nilifika saa sita kasorobo, nimelowa hadi mfupa. Mkurugenzi alikuwa anakunywa chai.

"Usijali," akasema, "nimefungua kile kisafi. Hata kikikaa wazi siku moja, si ndicho tulichokusudia?"

"Ulibofya kipi? Kiliandikwaje?"

"Kliniki."

"Kliniki nini?"

"Kliniki. Si ndilo jina la programu?"

Kikombe chake kilikuwa na maua ya bluu. Sijui kwa nini nakumbuka maua.

Nilipaza sauti. Nilimwita majina ambayo sitayarudia hata katika daftari langu. Aliniachia nimalize, kisha akaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi: "Na kwa nini kile cha zamani kilikuwa bado kipo?"

Kimya alikuwa amekwisha kuvua viatu. "Kliniki ya tatu ina mtandao wa setilaiti," akasema. "Ng'ambo ya daraja. Gari halipiti. Mnakuja au hamji?"

Nilikwenda naye. Mwendo wa dakika hamsini, maji ya magotini mahali pengi, sketi zimefungwa kiunoni kama wanawake wanaokwenda kupalilia. Nilikuwa nahema na bado nasema: Mkurugenzi hivi, watu wa picha vile, nguzo, serikali ya mtaa.

"Mama," Kimya akasema bila kugeuka, "nyamaza utembee."

Nikanyamaza. Darajani akasimama kunipa mkono, na pale, maji yakipita chini yetu na magogo ndani yake, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mwaka.

"Mama yangu yumo. Uliandika wewe, wala hukujua ni mama yangu, tunatumia majina tofauti. Niliiona miaka sita iliyopita."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Ningekuja mezani kwako niseme, ondoa mstari namba fulani, yule mgonjwa ni mama yangu? Ningekuwa ndiye niliyemtaja."

"Ungeniambia tu tuache historia ndani…"

"Nilikuambia. Mara tatu."

Ni kweli. Nimerudi nyuma katika daftari hili kutazama. Mara mbili nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na mara zote mbili nikaongeza maneno ya kumdharau.

Tulifika saa saba na robo. Muuguzi alitupisha kwenye kiti chake. Kimya alikifunga chumba cha zamani, akafungua ukurasa wake wa takwimu, kisha akakifuta kabisa mtandaoni. Kilikuwa wazi saa tatu na dakika tano. Katika muda huo kilinakiliwa mara nne. Tovuti inaonyesha idadi. Haionyeshi ni nani.

Tuliketi pale tukichuruzika maji juu ya sakafu iliyokuwa imepigwa deki. Mgonjwa mmoja kwenye foleni alimwambia mwenzake, "Hawa wamekuja kuogelea au kupimwa?"

Jumatano, 15 Mei

Mkurugenzi: "Nakala nne. Labda ni mashine tu zinazokusanya kila kitu. Nani ana muda wa kusoma maelezo elfu tisa?"

"Mimi nilikuwa nao."

"Tukitangaza tutawatia watu hofu bure. Tunyamaze, mambo yapite."

Zamani ningempiga kwa sentensi fupi. Leo nimeziogopa. Nimemwambia tu kwamba wiki ijayo nitawaandikia viongozi wa kliniki zote kumi na nne, na akitaka saini yake iwepo, nafasi ipo chini ya yangu. Kimya alisogeza kiti chake akaketi upande wangu wa meza. Ilitosha.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikwenda kwa mdogo wangu shemeji akiwa ametoka na watoto. Alikuwa anapiga pasi. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

Aliendelea kupiga pasi shati moja hadi kola ikang'aa. Kisha akaichomoa pasi ukutani.

"Jina langu lote?"

"Lote."

"Na kitengo?"

"Na kitengo."

"Dada, mama alikufa na siri hii. Alikuwa hawezi kuficha hata bei ya nyanya, lakini hii alikufa nayo. Wewe umeiandika."

"Nilikuwa na hasira. Walikaribia kukuua."

"Najua ulikuwa na hasira. Wewe siku zote una hasira kwa ajili ya mtu." Akakunja shati. "Ulishawahi kumuuliza huyo mtu?"

Akakaa.

"Tupo wangapi?"

"Elfu moja mia sita thelathini na nane."

"Mimi nina dada wa kuja kuniambia. Hao wengine nani atakwenda kusimama mbele ya pasi zao?"

Nilimwambia kuhusu barua za kliniki, kwamba wauguzi wataelezwa, kwamba kila mmoja ataitwa kwa faragha. Alitikisa kichwa, sikujua kama ni kukubali au kuchoka. Mlangoni hakunikumbatia. Aliniambia, "Kamati inakaa tarehe tano. Nitamwambia shemeji yako mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Wewe usimwambie. Usinisaidie kabisa."

Jumatano, 22 Mei

Barua zimekwenda. Saini tatu. Mkurugenzi aliweka ya kwake mwisho, kwa kalamu iliyokuwa inakatika wino, akalazimika kurudia mara mbili.

Pale palipokuwa na chumba cha zamani tumeweka tangazo: uliyenakili tarehe 14 Mei, nakala hiyo ina watu ndani, ifute, tuandikie.

Jumamosi, 25 Mei

Mmoja amejibu. Mwanafunzi, mbali sana. Amefuta.

Jumatano, 29 Mei

Wa pili na wa tatu. Wa pili ni mtafiti; ameuliza maswali ya busara na kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Wa tatu ameandika neno moja: "Imefutwa."

Ijumaa, 31 Mei

Hakuna sherehe; ufunguzi tumeusogeza mbele wiki moja. Vitambaa vya mapambo vimerudishwa dukani. Mvua imekatika leo, siku ambayo hatuihitaji ikatike. Wa nne bado hajajibu.

Nimeibandua ile karatasi ukutani. Nilitaka kuichana, Kimya akanizuia. Ameongeza maneno chini yake kwa mkono wake. Sasa inasema: KASORO ISIYO NA MWENYEWE HAIREKEBISHWI. MWENYEWE AELEZWE. ASIANDIKWE.

"Neno 'aelezwe' umelitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mama yangu. Jana amepigiwa simu na kliniki."

Alhamisi, 6 Juni

Mdogo wangu amekuja ofisini, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini. Shemeji ameambiwa. Baada ya siku mbili akaja akauliza tu, "Ulikuwa unaumwa, na mimi sikuwepo?" Kamati imeahirisha kikao, haijulikani ni barabara zilizoharibiwa na mvua au ni maneno. Hilo ndilo linalomla: kutojua kama wanaomtazama wanajua.

Nilimsomea daftari hili. Nilimwambia programu inafunguliwa kesho, msimbo wa leo peke yake kama Kimya alivyosema miezi mitatu iliyopita, na kwamba mahali pa historia nataka kuweka shajara hii, mgeni aisome kabla ya kitu kingine chochote. Ila kama atakubali yeye. Nimeuliza. Ni mara yangu ya kwanza.

"Majina hakuna?"

"Hakuna. Wala mji. Namba ya maelezo yako nimeibadilisha, na nilivyoyanukuu sivyo yalivyoandikwa. Wagonjwa wengine nimewachanganya hata wenyewe wasijijue. Na wewe humu ni mwalimu."

"Mwalimu!" Akacheka kwa mara ya kwanza tangu pasi ile. "Mimi, na chaki inavyonipigisha chafya?"

"Nifute?"

Alifikiri. "Acha. Lakini mwisho usiandike juu ya hasira zako. Mwandikie yule wa nne."

Ijumaa, 7 Juni

Basi nakuandikia wewe wa nne.

Wewe uliyenakili chumba kilichoitwa "kliniki" Jumanne tarehe 14 Mei, kati ya saa nne asubuhi na saa saba na nusu mchana. Sikulaumu. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeuacha wazi ni mimi: mimi niliyeandika majina, mimi niliyekataa kusikia mara tatu, mimi niliyesema subiri wiki moja. Kama unataka kunicheka, nicheke. Kama unataka kuniandika magazetini, jina langu utalipata kwa urahisi, liko juu ya makala nyingi za kipumbavu.

Lakini nakala hiyo si yangu kukupa, na wala si yako kukaa nayo. Usiifungue. Usitafute ndani yake hata kwa udadisi wa dakika moja, hata jina la mtu unayemjua, hasa jina la mtu unayemjua. Msimbo wote unaouhitaji uko hapa, chini ya ukurasa huu, mzima, halali, bure, na kalenda mbaya tuliyoiandika wenyewe. Chukua huu. Ufute ule, na popote ulipouhifadhi kwa akiba ufute na huko.

Kisha niandikie neno moja, kama yule wa tatu. Kuna mwanamke mmoja ambaye kila asubuhi anawatazama watu machoni akijiuliza nani ni wewe. Niandikie leo, nikampelekee.